Marufuku Kupiga Kiboko

Kabichi kumi ni baraka. Kabichi mia nne ni mzigo, na kabichi mia nne katika mwezi ambao Wazungu wote waliozoea kuzila wamefunga masanduku na kuvuka mpaka kwenda Usumbura, hiyo sasa ni kesi. Apolline alikuwa na kesi hiyo. Alizipanda mwezi wa tano wa mwaka elfu moja mia tisa sitini, akijua anachofanya: pale Kavimvira, karibu na mpaka, palikuwa na familia sita za Kibelgiji, na Mbelgiji asipokuwa na kabichi, karoti na poaro, kile kitunguu cha majani, ndani ya supu yake hujiona yatima. Mwisho wa mwezi wa sita dipanda, yaani uhuru, ikaingia, mwezi wa saba Wabelgiji wakatoka, na kabichi, ambazo hazisomi magazeti, zikaendelea kunenepa.

Apolline aligawa kwanza kwa upendo, kisha kwa nguvu. Mapadri walipoletewa kikapu cha tatu, mpishi wao alikipokelea barabarani ili mama asije akaingia na kusikia padri anavyolalamika. Majirani nao walikuwa wakimwona kwa mbali, kikapu kichwani, mara wanakumbuka kwamba wana mgonjwa kule mtaa wa Songo wa kwenda kumwona. Haijawahi kutokea Uvira mtaa ukawa na wagonjwa wengi namna ile kwa sababu ya mboga.

Bustani yenyewe ilianzia nyuma ya jiko na kushuka hadi kwenye matete ya ziwa. Mwezi wa nane milima ilikuwa imekauka kama mkate wa juzi, na kijani cha kweli kilichobaki pwani nzima kilikuwa ni kile cha Apolline, kwa kuwa asubuhi na jioni alipanda na kushuka na kopo lake lililotobolewa matundu, akinyunyiza. Maadui hawakukosa. Viwavi aliwamwagia majivu. Panzi aliwapa maji ya pilipili na sabuni, wakaondoka wakipiga chafya, au ndivyo alivyodai mwenyewe. Mbuzi wa jirani alipewa jiwe moja la mguu, akaelewa. Mwanamke yule alikuwa na dawa ya kila mdudu, na alijivuna nayo.

Lakini kabichi zile hazikuwa za kujivunia tu. Binti yake, Anne-Marie, alikuwa amechumbiwa na Placide, kijana wa Mutarule, kule kwenye tambarare ya Ruzizi. Kijana hakuwa na neno. Mwenye maneno alikuwa baba yake, mzee Onesphore, mtu wa ng'ombe na mashamba, ambaye siku ya kwanza kufika kwa Apolline alitazama ziwa, akatazama nyavu zilizoanikwa kwa jirani, akasema, "Mabinti ya huku banajuwa kupara samaki. Jembe batalishikia wapi?"

Apolline hakungoja mumewe ajibu. "Mukwe, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane mukuye mote. Mutakula mboga ya bustani yangu tu, hata jani moja ya kununua hamutaiona. Na mukishiba mutabeba."

Alisema hivyo mbele ya mashahidi wanane, na si kwa majivuno matupu. Siku ile mke wa Onesphore, mama mmoja mkimya aitwaye Inamahoro, alikuja na kitambaa kimefunga nusu ya uso. Alisema ni jino. Apolline alikuwa amezaa watano na kuzika wawili, alijua jino linavyovimbisha shavu, na alijua kwamba jino halivimbishi jicho. Usiku wake aliutumia kuwaza. Hakuwa na ng'ombe wa kumtikisia Onesphore, wala kaka wenye sauti kubwa. Aliwaza kama mama wengi wa wakati ule: binti anayetoka nyumba yenye heshima huogopwa na wakwe, na binti anayetoka nyumba iliyochekwa hupigwa mapema. Basi meza ya Jumapili ile ndiyo ingekuwa ngao ya Anne-Marie, na ngao yenyewe ilikuwa imepandwa mistari kumi na sita, kutoka jikoni hadi matete.

Siku kumi kabla ya Jumapili hiyo, kiboko akaja.

Apolline alikuta alama zake asubuhi: vidole vinne vinne vilivyozama kwenye udongo wa karoti, na mstari mzima wa kabichi umenyolewa. Asubuhi ya pili mistari miwili. Ziwani nyasi zilikuwa zimekwisha, na dume moja la peke yake lilikuwa limeamua kuhamia mezani kwa watu. Jioni ya tatu Apolline alimngoja na sufuria mbili, akazigonganisha hadi mfuniko ukapinda. Kiboko alisimama, akamtazama mama wa watu kwa subira, kisha akaendelea kutafuna.

Asubuhi Apolline alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake Libérat. Huyu alikuwa mvuvi, na pwani yote ilijua kwamba hakuna kama yeye kwa kufukuza viboko. Aliwatoa kwa mitumbwi, ngoma na mienge, akiwapiga makasia ya matako mpaka wanarudi mdomoni mwa mto Ruzizi wakiwa na aibu.

"Libérat, kuya na batu yako leo jioni. Kiboko iko inanimalizia bustani."

Libérat alijikuna kichwa, akatazama chini. "Mama Anne-Marie, weye wa kuniambia ile maneno? Bibi ya karani?"

"Maneno gani?"

"Kupiga kiboko. Minye sitaki kufungwa. Ukiwa na swali, uliza bwana yako. Njo yeye aliandika."

Apolline akafunga kitambaa chake upya, ambayo kwa wanaomjua ilikuwa dalili mbaya, akaenda ofisi ya mtaa. Ukutani, chini ya bendera mpya, palikuwa na karatasi iliyopigwa mashine na kugongwa mhuri:

TOKA LEO KUPIGA KIBOKO NI MARUFUKU. ATAKAYEPIGA KIBOKO ATAFUNGWA.

Watu wanne walikuwa wamesimama wakiisoma kwa mara ya ishirini. Mmoja alikuwa anawaelezea wenzake. "Babeleji balikataza tembo, hawa banakataza kiboko. Kila serikali na nyama yake." Wote waliona ni jambo la maana. Hata jina kiboko yule alikuwa amekwisha kupewa: walimwita Député, yaani mbunge, kwa kuwa alikuja bila kualikwa, alikula bila kulima, na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa.

Norbert, mume wa Apolline, alikuwa karani wa shefu, mkuu wa mtaa. Alivaa tai hata siku ya joto, na miwani, na alikuwa amesoma miaka miwili Kigoma, ng'ambo ya ziwa, jambo ambalo aliliingiza katika mazungumzo yoyote, hata ya kufungua mlango. Kiswahili cha Uvira alikiona kama shati lisilo na vifungo. Mchana ule alikuta mkewe amekaa jikoni hajapika.

"Baba Anne-Marie, ile tangazo ni yako?"

"Ni ya Shefu. Maneno ni yangu." Na kifua kikapanda. Shefu, mwenyeji aliyekabidhiwa mtaa baada ya dipanda, alitaka watu wajue kwamba viboko vya Wabelgiji vimekwisha, vile vya ngozi, vya kumlaza mtu na kumhesabia. "Nilikaa siku mbili natafuta neno."

"Na ukapata hii! Batu bote banafikiri ni nyama ya mu maji!"

"Basi ni wao hawakusoma. Kama ningetaka mnyama, ningeandika KUMPIGA KIBOKO. Mnyama ana uhai, anataka M. Hapa hakuna M. Kupiga kiboko ni kuchapa. Kule Kigoma mtoto wa darasa la tatu analijua hilo."

"Kule Kigoma njo kiboko inakula shu zangu, kabichi zangu zote? Hapa nani anasema M kwa nyama? Juu ya nini hukuandika fimbo, kama batu?"

Norbert alivua miwani. "Ningeandika fimbo, wazee wangedhani wamekatazwa kutembea na mikongojo."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuudhi Apolline zaidi. Alimwomba abadilishe. Norbert alisema tangazo limegongwa mhuri, na mhuri haurudi nyuma, na kwamba kumwambia Shefu tangazo lake la kwanza linachekwa na wavuvi ni kutafuta kurudishwa nyumbani. Apolline hakubishana sana, kwa kuwa alijua kwa nini neno lile lilikuwa ni mboni ya jicho la mumewe. Mgongoni mwa Norbert mlikuwa na mistari minane ya kiboko. Aliipata akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye shamba la pamba la lazima kule tambarare, kwa sababu kikapu chake hakikujaa, mama yake akitazama. Hakuwahi kuizungumzia. Alilala na singileti mwaka mzima, na Apolline, anayefua singileti hizo, naye hakuwahi kuuliza. Alimwonea huruma, akampenda, na akamkasirikia, yote kwa wakati mmoja.

Hasira ndiyo iliyopata kazi kwanza. Siku zilibaki tatu. Mistari ya kabichi ilikuwa saba. Poaro zilikuwa zimelaliwa, maana Député baada ya kula alipenda kujinyoosha. Alhamisi mchana Apolline alikuwa anakusanya majani ya nje ya kabichi zilizobomolewa, nyanya zilizopasuka na mchicha wa lengalenga uliokwisha kutoa mbegu, akitaka kuvitupa, ndipo akasimama na kikapu kiunoni akatazama kando ya ziwa. Hatua kama mia tatu kutoka kwake ilikuwa nyumba ya Shefu. Mbelgiji mmoja alikuwa ameiacha na uwanja wa nyasi fupi laini kama blanketi, na maua ya kila rangi yaliyopandwa kwa kamba. Shefu alimwagilia maua yale kwa mkono wake mwenyewe kila jioni. Watu walisema aliyapenda kuliko mshahara.

"Anne-Marie," Apolline aliita, "leta kikapu ya pili."

Msichana alikuwa na miaka ishirini na akili ya mama yake. Alitazama kikapu, akatazama nyumba ya Shefu, akaweka mkono mdomoni. "Mama! Watatufunga!"

"Kulisha kiboko kumekatazwa wapi? Soma tangazo. Ni kupiga tu."

Wakaanzia kwenye matete, pale Député alipozoea kutokea, wakapita nyuma ya nyumba za watu wakiacha jani hapa, nyanya pale, kama watu wanaopanda mbegu. Mbele ya lango la nyuma la Shefu, ambalo halikuwa na komeo, waliweka rundo la kabichi tatu nzima, na moyo wa Apolline ukauma kidogo kwa ajili ya zile kabichi. Kisha wakajificha nyuma ya ua wa michongoma, pale panapoonekana lango na baraza, wakangoja. Pale Uvira jua hujificha nyuma ya milima mapema, kivuli kinashuka hadi ziwani wakati ng'ambo ya pili bado kunawaka. Saa kumi na mbili kasoro matete yakatikisika.

Kiboko alifuata majani kama karani anayefuata mistari, bila kuruka hata moja. Alizimaliza kabichi tatu langoni. Akalisukuma lango kwa pua, lango likalala, akaingia.

Shefu alikuwa barazani na chupa ya bia, na mbele yake Norbert amesimama wima anamsomea barua, kwa kuwa Shefu alipenda kusomewa. Uwanja ulikuwa upande wao wa kushoto, umezunguka kona ya nyumba. Walisikia kwanza sauti ya kuvunjika, kisha sauti ya kutafuna. Shefu akainuka, akachungulia, akarudi hatua mbili.

"Norbert. Ile ni nini?"

"Ni kiboko, Shefu."

"Naona ni kiboko! Iko inafanya nini kwangu?"

Norbert akarekebisha miwani. "Inakula maua, Shefu."

Nyuma ya michongoma mama na binti walikuwa wameshikana mikono wakiuma vitambaa vyao wasicheke. Apolline alikuwa akingoja neno moja tu, Shefu aseme mwenyewe kwa kinywa chake kwamba kiboko apigwe, halafu yeye ajitokeze, apige magoti kwa adabu na kuuliza, "Na tangazo, Shefu?" Alikuwa amelifanyia mazoezi swali hilo mchana wote.

Neno likaja. "Nyandwi!" Shefu alipiga kelele, akiwa amepanda juu ya kiti. "Nyandwi! Kuya mbio! Piga kiboko! Piga kiboko!"

Nyandwi alikuwa askari wa ofisi, mtu wa miaka hamsini, aliyeajiriwa na Wabelgiji watatu mmoja baada ya mwingine na kurithiwa na dipanda pamoja na meza na kabati. Alikuwa jikoni, upande wa kulia wa nyumba, hakuona mnyama yeyote. Alisikia tu amri ambayo hakuwa ameisikia tangu mwezi wa sita. Alitokea mbio, akifungua kitambaa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na kiboko cha ngozi, kimepakwa mafuta, kinang'aa. Akatazama barazani. Shefu juu ya kiti, amekasirika. Karani mbele yake, amesimama wima na karatasi mkononi, jinsi wenye makosa wanavyosimama. Nyandwi hakuhitaji maelezo.

"Ngapi, Shefu?"

"Ngapi nini? Hata mia! Piga!"

Apolline aliona kitu ambacho hakukitega. Nyandwi hakumgusa Norbert. Hakumsukuma wala kumwambia neno. Norbert mwenyewe alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya barua, akashuka ngazi mbili za baraza, akalala kifudifudi kwenye vumbi na tai yake, mikono ameinyoosha mbele. Alifanya hivyo bila kusita, kwa utaratibu, kama mtu anayepiga magoti kanisani kengele inapolia.

Apolline akauachia mkono wa binti yake. Hakukumbuka baadaye alivyopita kwenye michongoma, ila miiba iliyobaki mkononi mwake kwa wiki nzima ilikumbuka. Alijikuta amesimama juu ya mumewe, mguu huku mguu kule, kidole kimenyooka kuelekea pua ya askari.

"Nyandwi, ukimugusa bwana yangu, ile kitu nitakukulisha, na hakuna chumvi!"

"Mama, ni amri..."

"Amri ya nyama! Iko kule, nyuma ya kona, nenda kaipige! Nimeileta minye na shu zangu, Shefu, kama ni kumufunga mutu, unifunge minye. Bwana yangu hana kosa. Kosa yake ni M moja tu!"

Député aliposikia kelele alizunguka kona kuja kuona, ua moja jekundu la dahlia likining'inia mdomoni. Nyandwi alimtazama, akatazama kiboko mkononi mwake, akamtazama kiboko tena, na uso wake ukaonyesha kwamba sasa ameelewa lugha kuliko alivyotaka. Shefu akashuka kwenye kiti. Alikuwa amesahau maua. Alikuwa anamtazama Norbert, ambaye bado amelala.

"Inuka, Norbert," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha kwa askari: "Ile kitu uliitoa wapi?"

"Mu kabati ya jikoni, Shefu."

"Juu ya nini uliichunga?"

"Juu hakuna mwenye aliniambia niitupe."

 Shefu alimnyang'anya kile kiboko, na kwa kuwa alikuwa na hasira na hakujua ni hasira ya nani, alikirusha kwa nguvu zake zote. Kikampata Député mgongoni, kikadunda, kikatumbukia majini. Ndivyo kiboko alivyopigwa kwa kiboko pale Kavimvira, na sheria moja ikavunjwa mara mbili kwa mkono wa aliyeiweka. Député aligeuka, akashuka ziwani kwa mwendo wa mtu aliyeshiba.

Nyumbani Norbert alikaa kwenye kigoda jikoni, vumbi bado kwenye tai. Apolline alimnawisha mikono kama mtoto.

"Unisamehe," alisema. "Nilitaka kumucheka Shefu. Sikutaka weye ulale chini."

"Sikumfikiria hata Shefu," Norbert alisema, na kwa mara ya kwanza hakutaja Kigoma. "Nilisikia neno tu. Kichwa kilikuwa bado kinauliza, mwili ulishalala."

Apolline akalia, na hakujificha. Miaka ishirini na miwili ya kufua singileti zile ililia pamoja naye. Norbert alimngoja amalize, kisha akamwambia supu inaungua, na kweli ilikuwa inaungua.

Kesho yake Shefu alitaka tangazo jipya, upesi, kabla mtaa wote haujaijua habari, ingawa mtaa wote ulikuwa umekwisha kuijua na kuongeza. Norbert alileta karatasi nyumbani. Aliandika kiboko cha ngozi, akafuta. Aliandika mjeledi, akasema hapa hakuna atakayeuelewa. Akaandika fimbo ya kuchapia, akafikiria wazee na mikongojo yao, akafuta. Apolline alikuwa anaparua karoti, zile ambazo Député hakuzikanyaga.

"Weye unatafuta jina ya fimbo juu ya nini?" alimwuliza. "Ukiikataza hii, batatafuta ingine. Andika jina ya mwenye kupigwa."

Norbert akainama, akaandika mstari mmoja:

TOKA LEO KUMPIGA MTU NI MARUFUKU.

"Na M yako iko ndani," Apolline alisema.

"Iko ndani," alisema Norbert, naye akacheka.

Karatasi ilipobandikwa, Libérat alikuwa wa kwanza kuisoma. Alitaka kujua kuhusu kiboko. Norbert alisema kiboko si mtu, na jioni ile ile mitumbwi minne iliingia majini na ngoma, na Député akasindikizwa hadi mdomoni mwa Ruzizi kwa makasia na matusi. Lakini Libérat alirudi ofisini asubuhi na swali lingine, akiwa amepunguza sauti. "Karani, na bibi?" Norbert alimjibu kwamba bibi ni mtu. Wanaume wa Kavimvira walilijadili jibu hilo siku mbili mfululizo, wengine wakidai liende kwanza Léopoldville likaamuliwe huko. Wanawake hawakujadili. Walipita tu pale ukutani, hata wasiojua kusoma, mmoja baada ya mwingine, wakaitazama karatasi, wakaenda sokoni. Apolline alimwomba mumewe akae tena kwenye mashine ampigie karatasi ya pili, nayo igongwe mhuri.

Jumapili wakwe wakaja. Mistari saba ilitosha. Palikuwa na kabichi na nyanya, karoti, biringanya, lengalenga na bugali, na ndagala, dagaa wa ziwani, aliowaleta Libérat bure kwa aibu ya kuwa alimkatalia. Onesphore alikula kwanza kwa mashaka, akitafuta jani la kununua, kisha akala kwa njaa, kisha akaomba aongezewe. "Hii jembe nimeiona," alisema hatimaye, akijipangusa. Mkewe Inamahoro alikaa pembeni karibu na mlango, akila kidogo kidogo. Kitambaa hakikuwepo safari hii, na jicho lilikuwa limepona na kubaki na alama ya manjano. Tangu afike alikuwa amesema aksanti tu.

Apolline alimtazama jicho lile, akatazama meza yake iliyojaa, akajua kwamba kabichi, hata zingekuwa elfu, haziwezi kumlinda mtu. Akaenda chumbani, akarudi na karatasi, akaiweka mbele ya Placide, katikati ya sahani.

"Mwanangu, umekula. Sasa soma."

Placide alisoma kwa sauti. Onesphore akacheka. "Hii si ni ya ofisi? Niliiona pale ukutani."

"Ya ofisi iko kwa ukuta, mukwe," Apolline alisema. "Hii ni ya Anne-Marie. Itaenda naye Mutarule. Nataka kujuwa itabandikwa wapi."

 Anne-Marie hakuinamisha kichwa kama mabinti wanavyofundishwa kufanya siku kama ile, alikuwa anamtazama mchumba wake usoni. Placide aliikunja karatasi, akaikunjua tena, akasema ataibandika mwenyewe, ndani, juu ya mlango, pale kila mtu anayeingia ataiona. Onesphore alikohoa akataka kusema jambo, lakini sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilitoka mlangoni.

"Isome tena, Placide," Inamahoro alisema. "Polepole. Na sauti ipande kidogo, baba yako asikie."